Upelelezi kama Kazi na Matembezi ya Mjini: Willy Gamba Akisomwa Uvira

Riwaya ya upelelezi ni miongoni mwa aina za fasihi ya Kiswahili zilizosomwa sana na kuhakikiwa kidogo. Wahakiki wengi walioigusa waliiweka katika kapu la fasihi pendwa, wakaihukumu kwa mambo mawili: kwamba imemwiga James Bond wa Ian Fleming, na kwamba haina dhamira nzito. Makala haya hayakusudii kuufufua mjadala huo. Tunakusudia kuisoma riwaya moja, Kikosi cha Kisasi ya A. E. Musiba (1979), kwa swali dogo ambalo msomaji wa Uvira halikwepi: mpelelezi huyu anafanya kazi kwa kiungo gani cha mwili? Jibu letu ni kwamba anafanya kazi kwa macho, mikono na miguu, na mara nyingine kwa tumbo. Sikio halimo. Na sikio likikosekana, upelelezi hubaki kuwa matembezi ya mjini.

Kwanza tumtendee haki mtunzi. Elvis Musiba, aliyefariki mwaka 2010, alikuwa mfanyabiashara aliyepata kuongoza Chama cha Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Kilimo cha Tanzania. Shujaa wake, Willy Gamba, alitokea mara ya kwanza katika Kufa na Kupona (1974), ambamo nyaraka za siri za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam naye anatumwa Nairobi kuzirejesha. Katika Kikosi cha Kisasi anatumwa Kinshasa, kwa sababu ya mauaji yanayohusu harakati za ukombozi. Adui katika vitabu hivi ni utawala wa Makaburu na vibaraka wake. Tukikumbuka kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, tutaona kwamba mtunzi hakuokota jambo angani. Mji aliokuwa akiuandikia ulikuwa umejaa wakimbizi wa kisiasa, wajumbe wa vyama vya ukombozi, na bila shaka watu waliolipwa kuwatazama. Kusema kwamba riwaya hizi hazina dhamira ni kukiri kwamba hazikusomwa.

Lakini msomaji kijana hazisomi kwa ajili ya Kamati ya Ukombozi. Anazisoma kama mwongozo wa ajira. Nakala chache zilizofika kwetu, zikiwa zimepitia Kigoma au Bujumbura, zilizunguka mikononi mwa wanafunzi wa sekondari hadi majalada yakatoka, na kila aliyezishika alijua masharti ya kazi hiyo kwa moyo. Mwombaji awe kijana, mtanashati, mwenye pasi ambayo haikwishi muda wake. Awe anajua kuendesha gari lolote atakalolikuta. Awe anaweza kukaa usiku kucha baa na asubuhi akaamka na akili timamu. Mshahara hautajwi, lakini hoteli ni nzuri na hakuna mhasibu anayedai risiti. Chifu humwita, humweleza jambo kwa maneno machache, na tiketi ya ndege imekwisha kuwa tayari. Hakuna ripoti ya kurasa arobaini. Katika nchi ambayo mwalimu alikaa miezi bila kulipwa, haishangazi kwamba ajira ya namna hiyo ilionekana kuwa bora kuliko ualimu.

Tuseme pia, kwa kupita, kwamba Zaire ya wakati huo ilikuwa na wapelelezi wake, nao hawakuwa watanashati. Idara ya siri ya Mobutu katika miaka ya 1970 iliitwa Centre National de Documentation, yaani Kituo cha Taifa cha Nyaraka. Mgeni angedhani ni maktaba. Wananchi hawakudhani hivyo, na hakuna aliyekwenda huko kuazima kitabu.

Jambo la pili linalompendeza msomaji ni mji. Kutoka Uvira hakuna barabara ya kumfikisha mtu Kinshasa; ni mji wa ndege, na kwa wengi wetu ni mji wa redio. Riwaya ya Musiba ilitutembeza humo. Mpelelezi anashuka uwanjani, anachukua teksi, anafika hotelini, anaoga, anabadili nguo, anatoka kwenda kula na kusikiliza muziki. Njama inaendelea, lakini hatua zake zinafuata ratiba ya mtu aliyekwenda kutalii. Hatulisemi hili kwa dharau. Sehemu kubwa ya fasihi ya Kiswahili ya miaka ile ilikuwa ikimwonya kijana kuhusu mji: mji utampoteza, utamnyang'anya adabu, utamrudisha kijijini akiwa mgonjwa. Riwaya ya upelelezi ilikataa kuonya. Iliuchukulia mji wa Kiafrika kama mahali ambapo mtu mzima anaweza kufanya kazi, kufurahi, na kuwa na jambo la maana la kulinda. Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa wa Kigoma, upande wa pili wa ziwa letu, aliiendeleza njia hiyo kwa shujaa wake Joram Kiango, na katika Dar es Salaam Usiku aliufanya mji wenyewe uwe mhusika. Hiyo ni sifa ambayo wahakiki hawajaipima ipasavyo.

Tatizo linaanza watu wanapofungua vinywa.

Kinshasa ni mji wa Lingala na Kifaransa. Msomaji anayejua hivyo anatazamia kwamba mgeni kutoka Dar es Salaam, ambaye uhai wake unategemea kutojulikana, atatumia walau jioni moja kujiuliza aseme nini na kwa lafudhi gani. Riwaya haimpi mashaka hayo. Lugha yoyote wanayodhaniwa kuisema, wahusika wa Kinshasa, maadui kwa marafiki, wanatufikia katika Kiswahili kimoja kilichonyooka, ambacho ni Kiswahili cha mtunzi wao. Itasemwa kwamba hiyo ni kanuni ya kawaida ya sanaa duniani: Warumi wa Shakespeare husema Kiingereza, na katika tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1963 husema Kiswahili, wala hakuna aliyelalamika. Tunakubali. Lakini Brutus hakutumwa Roma kwa siri. Katika tamthilia ile lugha ni chombo cha kufikishia maneno tu. Katika hadithi ya mpelelezi lugha ni sehemu ya hatari yenyewe, kama bastola na kama pasi ya bandia. Mtunzi anayetuambia bastola ni ya aina gani, lakini asituambie shujaa wake alisikikaje alipoagiza bia, ametunyima nusu ya hadithi.

Kwa mkazi wa pwani ya kaskazini ya Tanganyika upungufu huu hauwi wa kinadharia. Kutoka Uvira hadi Bujumbura hakufiki kilomita 30. Ng'ambo ya ziwa, kusini zaidi, kuna Kigoma. Sokoni Mulongwe, bandarini Kalundu na mpakani Kavimvira, Kiswahili ndicho cha wote, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna Kiswahili cha wote. Anayesema "kata" na "wilaya" amekwisha kuonyesha pasi yake kabla hajaulizwa. Sisi tuna kartie na teritwari. Asemaye "mtu" kwa silabi mbili fupi, ambapo jirani yake husema "mutu", amesoma ng'ambo au amezaliwa huko. "Batu banasema" huleta Bukavu mezani. "Iko mugonjwa" haikutoka Ujiji. Nyuma ya Kiswahili hicho kuna Kivira, Kifuliiru, Kibembe, Kinyamulenge na Kirundi, na kila moja huacha alama yake katika mwinuko wa sauti, katika l na r, na katika neno linalomponyoka mtu anapojikwaa. Juu ya zote ilikuwepo Lingala, lugha ya jeshi, ambayo raia alijifunza kuisikia kwa mbali na kuitika kwa upesi. Mtoto wa Uvira mwenye miaka kumi hufanya uchambuzi huu bila kuhudhuria somo la isimujamii.

Historia ya ziwa inaonyesha kwamba kazi ya kutafuta habari hapa haijapata kuwa kazi ya macho. Aprili 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walipanda mitumbwi Ujiji wakaja hadi Uvira. Walitaka jibu la swali moja: je, mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Jibu lingekuwa na uzito mkubwa katika ubishi wa chanzo cha Nile. Kabla ya safari hiyo Speke alikuwa ameleta habari, aliyoipata kwa mfanyabiashara Mwarabu, kwamba mto unatoka. Walipofika Uvira wenyeji waliwaambia kwamba mto unaingia. Ndipo Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa akiwafasiria, aliposema kwamba Speke hakuyaelewa maneno ya Mwarabu yule, ambaye naye alikuwa amesema unaingia. Msafara mzima, mitumbwi, wapagazi na shanga, ulikuwa umeyumba kwa kitenzi kimoja. Na aliyejua ni wapi kosa lilipoingia alikuwa mkalimani.

Mkalimani huyo anarudi katika tukio kubwa zaidi la kisiri lililopata kutokea katika pwani hii. Usiku mmoja wa Aprili 1965 kikundi cha Wakuba kilivuka kutoka Kigoma kikatua Kibamba, katika milima ya Fizi, kuwasaidia waasi. Majina yao ya kificho yalichukuliwa katika tarakimu za Kiswahili. Víctor Dreke, aliyeonyeshwa kuwa mkuu, aliitwa Moja. Aliyefuata aliitwa Mbili. Wa tatu aliitwa Tatu, akatambulishwa kuwa daktari na mkalimani, kwa kuwa alijua Kifaransa. Huyo ndiye aliyekuwa Ernesto Che Guevara. Mwanaisimu hawezi kupita hapa bila kusimama kidogo. Jina la tarakimu halina ukoo, halina dini, halina kijiji. Ni jina lisilo na lafudhi. Tena limefuata mpangilio, na mpangilio umetumika kudanganya, kwani mkubwa amefichwa nyuma ya wawili. Na alipotafuta kazi ya kujivika ili asitazamwe sana, mtu huyu alichagua, pamoja na udaktari, ukalimani. Alijua kwamba watu humtazama anayesema kwa niaba yake mwenyewe na humsahau anayesema kwa niaba ya mwenzake.

Hila hiyo ilifika mwisho wake kwa njia ya lugha pia. Mwishoni mwa Juni 1965, katika shambulio la Bendera, Wakuba kadhaa waliuawa, na shajara iliyokutwa kwa mmoja wao ikawaonyesha wapinzani kwamba wanapigana na nani. Kwa upande wa Kiswahili, Tatu mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Aliyemfasiria alikuwa kijana wa Kikongo ambaye hakuwa amefika utu uzima, Freddy Ilanga, ambaye baadaye alipelekwa Cuba, akasomea udaktari, na akafia huko mwaka 2005. Novemba 1965 Tatu alivuka ziwa kurudi Kigoma. Riwaya ya kijana yule haijaandikwa kwa Kiswahili, nasi hatuoni sababu, maana ndani yake kuna vyote: siri, safari, mji wa mbali, na mvulana ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza.

Sasa tutazame istilahi. Kamusi hueleza "mpelelezi" na "jasusi" karibu sawasawa. Ni matumizi yanayoyatenganisha. Mpelelezi ni wa kwetu, jasusi ni wa kwao. Polisi ina wapelelezi, adui ana majasusi. Willy Gamba amejulikana kwa wasomaji wake wote kama mpelelezi, ingawa akitazamwa kutoka Pretoria anastahili lile jina la pili barabara. Ni kweli kwamba magazeti ya Tanzania siku hizi huandika "shirika la ujasusi" bila kukusudia ubaya, na huenda tofauti hiyo inafifia huko. Kwetu haijafifia. "Jasusi" katika Uvira ni nomino isiyo na nafsi ya kwanza. Hakuna asemaye "mimi ni jasusi", wala hata "nataka kuwa jasusi" kama yule mwanafunzi msomaji wa Musiba. Mtu huitwa jasusi, na anayeitwa huwa hana muda mrefu wa kujibu.

Ndiyo maana wepesi wa riwaya hizi unatusumbua hata pale unapotuchekesha. Mji wa Uvira umebadilisha mikono mara nyingi: Mei 1964 ulichukuliwa na wafuasi wa Soumialot, Oktoba 1996 na AFDL, Agosti 1998 na RCD, Oktoba 2002 na Mai-Mai kwa siku chache kabla RCD haijarejea, na Desemba 2025 M23 iliingia. Kila mara wanaoingia huuliza ni nani aliyekuwa akiwapelekea habari walioondoka, na walioondoka wakirudi huuliza swali hilo hilo. Ushahidi ukikosekana, sikio huitwa litoe ushahidi: huyu anasemaje, alijifunza wapi Kiswahili hiki, ni lugha gani iliyomtoka aliposhtuka. Wasemaji wa Kinyamulenge wamelipa sana kwa tuhuma hii; wengine nao wamelipa kwa zamu, kufuatana na anayeshika mji. Uchambuzi wa lafudhi tuliousifu hapo juu, ule wa mtoto wa miaka kumi, ndio huo huo unaotumika kizuizini. Riwaya inayoufuta kabisa ili shujaa aweze kutembea raha mustarehe imetuondolea hofu, lakini pia imetuondolea nafasi ya kuitazama hofu hiyo ikiwa kwenye karatasi, mahali ambapo haiumi mtu.

Je, yupo mtunzi aliyelisikia hili? Yupo mmoja, naye hakuandika kwa Kiswahili. John le Carré, Mwingereza aliyepata kufanya kazi ya ujasusi kabla ya kuwa mwandishi, alifika Bukavu mwaka 2006 alipokuwa akiandaa riwaya yake The Mission Song, iliyotoka mwaka huo huo. Msimulizi wake, Salvo, ni mtoto wa mmisionari wa Ireland na mama wa Kikongo. Ni mkalimani wa Kiswahili na wa lugha nyingine za mashariki ya Kongo, anayeajiriwa kusikiliza katika mkutano wa siri wa kuigawana Kivu. Anaagizwa afasiri waziwazi lugha chache tu, na afiche kwamba anazijua nyingine. Hizo ataenda kuzisikiliza chini, kwa vipokea sauti, wakati wajumbe wakidhani wako peke yao. Humo ndimo anamosikia mtu wa Bukavu akiteswa. Kwa maoni yetu huu ndio ukurasa wa kweli kuliko yote yaliyoandikwa juu ya upelelezi na Kivu, kwa kuwa mpelelezi haoni kitu. Anasikia tu, na hawezi kujifanya hakuelewa.

Hata hivyo kitabu hicho kina upungufu wake. Mkutano unafanyika katika kisiwa cha Bahari ya Kaskazini, mji unaotembelewa ni London, na Kivu yenyewe haionekani. Inazungumzwa na wajumbe, ambao baadhi yao husema kama watu wanaosoma risala. Kiswahili nacho hutajwa zaidi kuliko kusikika. Tunaambiwa kwamba sasa mhusika anasema Kiswahili, kisha tunapewa Kiingereza. Musiba anayo lugha yetu lakini hakuitegea sikio. Le Carré ametega sikio, na lugha hana. Kati ya wawili hawa, kosa la Musiba ndilo linaloweza kurekebishwa na mtunzi wa hapa, kwa kuwa vifaa vyote vipo kinywani mwake.

Tunapendekeza kwa walimu wa fasihi zoezi moja ambalo halihitaji kitabu chochote cha nadharia. Mwanafunzi amchukue Willy Gamba, asimpandishe ndege ya Kinshasa, bali amshushe Bujumbura na kumleta kwa gari hadi Gatumba, kisha avuke kwa miguu kuingia Kavimvira. Ana suti, ana pasi nzuri, ana hadithi aliyoikariri kwamba yeye ni mfanyabiashara wa Bukavu. Kando ya njia amekaa mama mwenye meza ndogo ya kubadilishia fedha. Willy anamsalimu, anasema, "Shikamoo mama, samahani, naomba unielekeze kituo cha basi kilipo." Mama anaendelea kuhesabu noti zake, wala hainui kichwa. "Karibu, Mtanzania," anamjibu. Mwanafunzi aandike kurasa tatu zinazofuata.